Mama Pini na Ndoo ya Simu

Hakuna mzazi anayempa mwanawe jina la Mama Pini. Jina hilo alipewa na watu wa filamu, kwa sababu kila ukimkuta alikuwa amebana pini tano au sita midomoni, vichwa vimetokeza nje kama punje za mtama, na ukimsalimu anakuitikia kwa pua. Watu wa filamu ni hodari wa kubandika majina. Fundi wa sauti walimwita Masikio. Mpishi wao walimwita Daktari, kwa kuwa aliyekula kwake mchana alihitaji kulazwa jioni. Ndivyo walivyo. Kazi yao nusu ni kufanya na nusu ni kungoja, na mtu anayengoja sana lazima apate cha kuchekea, la sivyo atagombana.

Zamani Mama Pini alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, kwenye chumba chenye mlango mmoja na dirisha lililogoma kufunguka. Mume alikuwa naye, kisha hakuwa naye. Mabinti wawili aliwalea kwa kaptula na sketi za watoto wa wenzake mpaka wakaolewa mbali. Pengine angezeekea pale pale. Lakini asubuhi moja aliingia mwanamke kijana anahema, gauni limepasuka mgongoni toka shingoni hadi kiunoni, kalishikilia kwa nyuma kwa mkono mmoja.

"Mama, nishonee hivi hivi nikiwa ndani. Watu wananisubiri."

"Hivi hivi nitakuchoma."

"Nichome, lakini upesi!"

Hakumchoma. Sindano ilipita juu ya ngozi kwa nafasi ya unywele tu, na alipokata uzi kwa meno, yule mwanamke aligeuka akamtazama kama aliyeokota kitu.

"Hukunichoma hata mara moja."

"Ningekuchoma ungelia, na naona machozi yako yana kazi huko unakokwenda."

Maana uso wa mgeni ulikuwa na jicho la zambarau na michubuko mitatu, yote ya kupaka. Mwanamke akacheka mpaka mshono ukalalamika mgongoni. Akamshika mkono, akamwambia beba cherehani twende, na Mama Pini hakurudi tena kwenye sare. Siku ile yule mwanamke alimwita mama. Baada ya wiki akamshusha akawa dada, na dada akabaki kwa miaka ishirini.

Mwanamke huyo naye alikuja kupata jina lake la bandia. Aliigiza kwenye tamthilia ya televisheni, akawa shangazi anayewatilia sumu yatima chakulani, na aliigiza vizuri kupita kiasi. Sokoni wauza nyanya walikataa kumuuzia. "Shangazi mchawi, waache watoto wa watu!" Tangu hapo ni Shangazi, nyumbani na kazini. Yeye alicheka tu. Alisema mtu akikuchukia kwa sababu ya kazi yako, ujue mshahara umeulipia jasho.

Kwa Shangazi palikuwa na baba mzee na mama mzee, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, na kaka mmoja, mdogo wake. Mama Pini, asiyekuwa na mtu karibu, akaingia humo kama uzi unavyoingia tunduni. Bi Mkubwa alimwita mwanangu. Kikombe chake cha chai kilikuwa na ndoano yake ukutani.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya ndoo, maana bila ndoo hakuna kisa.

Kazi ya Mama Pini ilikuwa nguo, lakini alikuwa na kazi ya pili isiyoandikwa kwenye mkataba wowote. Kabla kamera haijawashwa, kila mtu, toka mwongozaji mpaka mfagizi, alitumbukiza simu yake kwenye ndoo ya buluu yenye mfuniko, iliyotandikwa blanketi kuukuu. Walianza utaratibu huo baada ya simu ya fundi umeme kulia katikati ya mazishi ya kuigiza, na mlio wenyewe ulikuwa wimbo wa kuchekesha, hata maiti akacheka. Ndoo akapewa Mama Pini kwa sababu hakuwa mpekuzi. Zilizoachwa zinawaka yeye alizizima. Akiketi pembeni na ndoo miguuni, watu walifanya kazi bila wasiwasi.

Siku yenyewe walikuwa kwenye nyumba ya kupanga, jikoni. Onyesho lilikuwa la mwanamke anayeosha vyombo huku redio inatangaza kwamba kiwanda anachofanya kazi mumewe kimeungua. Halii, hapigi kelele. Anaendelea kuosha, dakika nne nzima, kamera haikatwi, mpaka sahani moja inamponyoka. Mwongozaji alilitaka kwa pumzi moja. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Na kwa kuwa maji yalimrukia Shangazi kifuani, Mama Pini alishona magauni mawili pacha. Moja likilowa anamvua, anamvalisha kavu, kisha analipiga pasi lile bichi likingoja zamu.

Baba yake Shangazi alikuwa hospitali wiki ya tatu, nusu saa tu kutoka pale. Lakini asubuhi hiyo Shangazi alifika uso mkunjufu. "Jana baba kanywa uji, dada. Kikombe kizima, na akagombana na nesi." Akatumbukiza simu ndooni. Mama Pini alifurahi naye, na katika kufurahi akasahau kuitazama kama imezimwa.

Saa nne na nusu, wakilipiga onyesho mara ya pili, ndoo ikanguruma. Masikio aliinua macho kutoka kwenye vipokea sauti vyake. Mama Pini alijitupa juu ya ndoo kwa tumbo, akaivutia ukumbini, akatoa simu. Ilikuwa imeandika "Mama". Ikanyamaza. Halafu ukaingia ujumbe wa Bi Mkubwa, umetumwa kwa simu ya yule kaka mdogo. Namna ya kufungua simu ile aliijua, maana mara nyingi Shangazi akipakwa rangi usoni humwambia, dada, nijibie huyo. Akafungua.

"Baba yako ameamka, anakutaja jina. Daktari anasema tusichelewe. Njoo sasa hivi."

Mama Pini alisimama na simu mkononi. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na ndani alisikia maji ya bomba na redio ya uongo ikitangaza moto wa uongo. Akajiambia, hii iishe. Dakika mbili zimebaki. Akaizima simu, akairudisha kwenye blanketi.

"Kata!" mwongozaji alisema. "Nzuri sana. Jamani, moja ya mwisho."

Kila mtu wa filamu anajua kwamba moja ya mwisho huwa na wadogo zake. Mama Pini alijua kuliko wote. Lakini kuna ugonjwa unaowashika watu wa kazi ile, sijui kama umepatiwa dawa: onyesho lililo mbele yao huwa kubwa kuliko dunia nzima, na daima limebakiza dakika tano. Akaingia, akamvua gauni bichi, akamvalisha kavu. Pini zilikuwa midomoni. Alifunga vifungo sita vya mgongoni, kimoja kimoja, na kila kifungo akasema moyoni, baada ya hii. Nikimwambia sasa ataondoka, na nyumba ni ya leo tu, na jua la dirishani linahama. Baada ya hii nitamwambia.

Mara ya nne maiki iliingia kwenye picha. Mara ya tano sahani ilikataa kuponyoka. Mara ya saba ndege ilipita. "Dada, mikono yako baridi," Shangazi alimwambia mara ya nane. Alijibu kwa pua.

Mara ya kumi na moja, saa nane na dakika kumi, sahani iliponyoka yenyewe kama imesukumwa, Shangazi akaitazama ilipokuwa, si ilipoangukia. Mwongozaji alifuta macho kwa karatasi zake. Watu walipiga makofi. Mama Pini aliiwasha simu, akampa mwenyewe.

Baba yake alikuwa amekufa saa saba na nusu.

"Simu ilizimwa?" Shangazi aliuliza. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya vigae vya sahani, gauni linachuruzika.

"Ilizimwa, mdogo wangu. Si unajua sheria."

Ukweli ule ulikuwa uongo mtupu, na Mama Pini alijua alipokuwa akiutamka.

Msibani ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi. Yule kaka mdogo, kwa uchungu wake, alimwonyesha Bi Mkubwa simu yake: ule ujumbe aliomwandikia ulikuwa na tiki mbili za buluu, na saa imeandikwa. Umesomwa saa nne na dakika thelathini na sita. Bi Mkubwa hakujua mambo ya tiki, akaelezwa. Akamwita binti yake mbele ya watu.

"Ulisoma."

"Sikusoma, mama. Wallahi sikusoma. Simu haikuwa kwangu."

"Imesomwa hapa. Baba yako anakuita, wewe ukasoma, ukaendelea kuosha vyombo vya uongo."

"Mama, naapa..."

"Kiapo cha mwigizaji?" Bi Mkubwa alisema, na hakusema naye tena.

Mama Pini alikuwepo, ameshika birika la chai kwa mikono miwili. Neno lilipanda mpaka kwenye ulimi likakaa hapo. Alitazama nyuso za watu, akamwaga chai kwenye kikombe kilichokwisha jaa. Na siku ikiisha kupita, ya pili ni ngumu zaidi, na ya kumi huonekana haiwezekani kabisa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwaka ukapita na miezi miwili. Shangazi akifika kwa mama yake mlango haufunguliwi. Kwa hiyo alimtuma Mama Pini: sukari, sabuni, shuka la kijivu la kitandani, dawa ya macho. "Usiseme ni mimi, dada. Atatupa." Bi Mkubwa alipokea vyote akisema, mwanangu wewe una moyo, si kama wengine. Na Mama Pini alikunywa chai kwenye kikombe chake, akaona chai haina ladha, akaimaliza.

Ndipo zikaja tuzo za filamu za taifa.

Filamu ya vyombo, kama wenyewe walivyoiita, iliteuliwa mara tano. Shangazi alikuwa kwenye orodha ya mwigizaji bora wa kike. Alipewa kadi mbili, viti vya mstari wa tatu. Ya pili aliipeleka kwa mama yake kwa mkono wa Mama Pini. Bi Mkubwa aliishika karibu na macho, akaigeuza, akairudisha. "Mpe anayependa kuona maigizo." Basi Mama Pini akawa ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mama mzazi, na gauni la siku hiyo alilishona mwenyewe, rangi ya udongo wa kuchoma, mkia mrefu.

Sherehe ilikuwa saa tisa alasiri, kwa sababu televisheni ilitaka kuirusha moja kwa moja kabla ya taarifa ya habari. Saa sita walikuwa chumbani kwa Shangazi, mmoja kasimama juu ya kigoda, mwingine kapiga magoti kwenye pindo.

"Dada, nikishinda leo nitafanya jambo."

"Mm?"

"Mdogo wangu ameahidi ataiwasha televisheni, mama atake asitake. Nitasimama pale mbele ya nchi nzima nitaapa. Sikuusoma ule ujumbe. Nani kausoma sijui, wewe mwenyewe uliniambia ilikuwa imezimwa, labda simu ni mbovu, labda shetani. Lakini si mimi. Mbele ya watu wote wale atanikatalia?"

Mama Pini alitoa pini midomoni, zote sita, akazishika kiganjani.

"Na usiposhinda?"

"Nisiposhinda nitaendelea kuwa muuaji kwa mama," Shangazi alisema, akacheka kidogo. "Mbona umenyamaza? Nivute hapo kiunoni, nimekonda."

Akaapa Mama Pini naye, kimoyomoyo: leo kabla bahasha yake haijafunguliwa atakuwa amejua. Nitamwambia kwenye gari. Kwenye gari dereva alikuwa msemaji. Nitamwambia mlangoni. Mlangoni wapiga picha walimzunguka Shangazi, wakamsukuma Mama Pini pembeni, mmoja akamwomba amshikie mkoba. Nitamwambia tukikaa. Walipokaa taa zikazimwa.

Ukumbi ulikuwa wa zamani, viti vya kukunja vilivyolia kila mtu akihema, na jukwaani ukuta mzima mweupe wa kuonyeshea picha. Utaratibu wao ulikuwa kwamba kabla ya kila tuzo wanaonyesha vipande vya walioteuliwa, kisha bahasha, kisha mshindi anapanda na kushukuru mpaka muziki umfukuze. Tuzo ya taa ikatolewa. Mshindi aliwashukuru wazazi, akamsahau mkewe, akarudi kwenye maiki mbio, watu wakacheka. Huyu akishuka nitamwambia, Mama Pini alijisemea. Tuzo ya uhariri ikatolewa. Huyu akishuka. Tuzo ya mavazi ilikwenda kwa filamu ya wafalme na mikia ya tausi, na Shangazi akamkamata mkono. "Wamekuonea, dada." Hapo palikuwa mahali pa kusema. Akasema, "Hewala, wamependeza."

Tuzo ya sauti akashinda Masikio.

Mtu huyo katika maisha yake hakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya kumi. Alipanda na koti la kuazima, mikono imezama ndani ya mikono ya koti, akaishika ile sanamu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Watu walidhani atasema asante na kukimbia. Kumbe alikuwa na hadithi.

"Jamani, lile onyesho la vyombo mmeliona. Dakika nne, husikii kitu ila maji na redio. Watu wananiuliza, Masikio, ulifanyaje? Mimi sikufanya kitu! Aliyefanya yuko pale, mstari wa tatu. Mama Pini, simama wakuone!"

Mama Pini hakusimama. Kamera ilimtafuta ikampata, na uso wake ukajaa ukuta mzima, kila kunyanzi kama barabara.

"Huyu mama ndiye mwenye ndoo ya simu. Sasa siku hiyo tuko mara ya pili, kimya, mara nasikia kwenye masikio yangu, vrrr, vrrr, simu ya mtu. Nikasema tumekwisha! Mama Pini akaruka, akaiatamia ile ndoo kama kuku anayeatamia mayai!" Masikio akaonyesha kwa mwili, tumbo mbele, sanamu mkononi. "Akaikokota nje, akaizima kabisa. Hatukusikia simu tena mpaka mara ya kumi na moja. Tuzo hii nusu yake!"

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Na uso wa Mama Pini pale ukutani ulikuwa ukitabasamu, maana uso ukiwa na upana wa nyumba na watu elfu wanautazama, hutabasamu wenyewe.

Picha ikabadilika. Giza likarudi. Shangazi alikuwa bado ameshika mkono wake.

"Ilikuwa simu ya nani?"

"Mdogo wangu..."

"Simu ya nani, dada?"

"Yako."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

Shangazi alihesabu. Mama Pini aliona midomo yake ikihesabu. "Mara ya pili," Shangazi alisema. "Ukaifungua, ukasoma." Halikuwa swali. Akauondoa mkono wake polepole, akauweka juu ya goti lake mwenyewe, mahali pake.

Wakakaa hivyo kwa muda wa tuzo mbili na wimbo mmoja. Mabega yao yaligusana kwa sababu viti vilikuwa vyembamba.

Ilipofika zamu ya waigizaji wa kike, walionyesha vipande vya wanne, na cha mwisho kilikuwa jikoni. Dakika ya mwisho ya mara ya kumi na moja. Mikono majini, redio, gauni linalolowa kifuani. Nyuma yao mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti. Shangazi alitazama magoti yake. Mama Pini ndiye aliyetazama ukuta, na alikuwa anajua kitu kimoja ambacho ukumbi mzima haukujua: kwamba katika dakika ile baba wa yule mwanamke alikuwa amekwisha funikwa shuka kwa dakika arobaini. Sahani ikaponyoka. Bahasha ikachanwa. Akatajwa Shangazi.

Akainuka. Mkia wa gauni ulikuwa umebanwa na mguu wa kiti. Mama Pini aliinama kuuchomoa, mikono ikienda yenyewe kwa mazoea, na Shangazi akasimama akingoja kama unavyongoja karani amalize kugonga mhuri. Akapanda.

Pale juu alishika maiki. Watu walipiga makofi kumpa nguvu. Akafungua mdomo, akamtazama mtu wa mstari wa tatu, akaufunga. Watu wakasimama, wakapiga zaidi, walidhani ni furaha.

"Mama," akasema hatimaye, "nilikuja na neno lako leo. Limenishinda. Asanteni."

Akashuka kwa ngazi za upande wa pili. Hakurudi kwenye kiti.

Mama Pini alimtafuta kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, kati ya masanduku ya nyaya. Kwanza alikutana na Masikio.

"Umeona nilivyokutaja! Uso wako umejaa ukuta! Mke wangu kapiga simu, anauliza huyo mama nani."

"Umesema vizuri, Masikio."

"Sasa mbona unalia?"

"Nenda kasherehekee, baba."

Shangazi alikuwa amekaa juu ya sanduku, tuzo iko sakafuni kando ya viatu alivyovua.

"Ungeniambia kwenye gauni la tatu ningemkuta," alisema bila kuinua uso.

"Ungemkuta."

"Hata la sita."

"Hata la sita."

"Ulinivalisha mara tisa ukijua. Nikakwambia mikono yako baridi."

Mama Pini alipiga magoti kwenye saruji. "Nipige. Nitukane, mdogo wangu, unistiri."

"Kulia nalipwa, kutukana nalipwa. Wewe sikupi kitu." Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Unajua kwa nini sikuapa? Ningeapa ningekutaja. Ningekutaja, nchi nzima ingekutemea mate kesho, na mimi najua kutemewa mate kulivyo. Nimeshindwa, dada." Lile dada lilimtoka kwa mazoea, na baada yake akafunga mdomo kama aliyeuma jiwe kwenye wali. "Kesho nenda kwa mama. Usiende kuomba msamaha wako, huo utautafuta kwa wakati wako. Nenda umwambie nani alisoma, saa ngapi, na mara ngapi alinivalisha akijua. Basi."

Usiku huo Mama Pini hakulala, nami sina haja ya kuueleza. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, karibu na dirisha kwa ajili ya macho yake. "Karibu mwanangu. Nilikuona jana kwenye televisheni, meno yote nje. Kaa, chai ipo."

"Sitakunywa, mama. Nimekuja na neno."

Alisema akiwa amesimama. Hakupamba. Saa nne na dakika thelathini na sita, mimi. Nilifungua mimi, nikasoma mimi, nikazima mimi. Mwanao hakuona mpaka saa nane na dakika kumi. Nilimvua na kumvalisha mara tisa, sikumwambia. Na msibani nilikuwepo, sikusema.

Vidole vya Bi Mkubwa viliendelea kuchambua kwa muda, vikitoa chuya, vikitoa mawe. Kisha vikasimama.

"Sukari ile ilikuwa ya nani?"

"Ya mwanao."

"Na sabuni?"

"Ya mwanao."

"Shuka la kijivu?"

"La mwanao, mama. Na dawa ya macho. Mimi sijawahi kukuletea kitu."

"Mwaka mzima," Bi Mkubwa alisema. "Nimemwita mwanangu muuaji mwaka mzima, na wewe umekaa hapo hapo unanisikiliza, unapuliza chai." Hakupaza sauti. Aliweka ungo chini, akashika ukuta, akainuka, akaenda kuleta simu yake, ya vibonyezo vikubwa. Akampa. "Mimi sioni. Nitafutie namba yake."

Mama Pini aliitafuta. Haikuwa na jina, jina lilifutwa. Lakini namba aliijua kwa moyo. Akabonyeza, akasikia inaita, akampa mzee simu kwa mikono miwili.

"Sasa toka nyumbani kwangu," Bi Mkubwa alisema.

Akatoka. Alikuwa bado kizingitini, anainama kuchukua viatu, aliposikia simu imepokelewa. Halafu sauti ya Bi Mkubwa, ndogo, ya kugombeza kama ya mtu anayemsemesha mtoto aliyechelewa kurudi:

"Jana nimekuona umekonda. Umekula?"

Sijui alijibiwa nini. Mama Pini alisikia kilio cha mzee kikianza ndani, kile cha kifuani, kisha kikatulia kidogo, na yule mama akavuta pumzi akasema, "Sasa nisikilize vizuri, nikuambie. Siku ile baba yako alisema..."

Mama Pini hakungoja. Alifunika masikio yake kwa viganja, kiatu kimoja kimebanwa kwapani na kingine kikibaki pale pale kizingitini, akaenda mbio kwa miguu mitupu, umri wote ule, mpaka akapita nyumba ya tatu.

Kikombe chake kiliteremshwa ndoanoni wiki hiyo hiyo. Shangazi ana mshonaji mwingine sasa, binti mpole. Wakikutana kazini na Mama Pini husalimiana, "Habari za leo," "Nzuri," kama watu wa ofisi mbili tofauti. Jumapili Shangazi hushinda kwa mama yake. Mama Pini hujua hivyo kwa kuambiwa na Masikio, ambaye mpaka leo hajui ni kitu gani alichokifanya siku aliyoshinda tuzo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.